Miguu kwanza, ngumi baadaye

Aliyeangalia filamu ya Kitamil ya Indian, iliyotoka mwaka 1996, hamsahau yule mzee aliyeigizwa na Kamal Haasan, anayempiga mtu kwa vidole tu na kumwacha hajiwezi. Filamu za Kihindi zimepita sana katika mabanda ya video, sauti ya mfasiri ikizidi ya waigizaji wenyewe, na ndizo zinazoleta swali la vijana wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma: mapigano yale yanafundishwa wapi, na je, mtu anaweza kujifunza akiwa hukuhuku mwisho wa reli?

Yale ya Kitamil yenyewe, kuttu varisai, usiyatarajie hapa. Wala usimsumbue mwenye duka wa Kihindi pale mjini. Wazee wa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki walitoka Gujarat, Kutch na Punjab, na kutoka huko hadi kwa Watamil ni mbali kuliko Kigoma na Dar es Salaam. Lakini kilicho bora katika sanaa hiyo unaweza kukipata kwa mlango mwingine, mradi ujue unachokitafuta.

Kuttu varisai ni mapigano ya mikono mitupu ya kusini mwa India, ndugu wa silambam, yale ya fimbo ndefu. Mna ngumi, mateke, viwiko, magoti, kukaba na kuangusha. Mna mitindo iliyoigwa kwa nyoka, tai, chui milia, tembo na nyani. Sehemu kubwa ya mafunzo ya mwanzo, hata hivyo, haina adui. Mwanafunzi ananyoosha viungo, anafundishwa kupumua, kisha anapewa mfuatano wa hatua na mapigo, naye anaurudia mpaka mwili uushike wenyewe. Ile ya kugusa sehemu dhaifu za mwili, inayovutia watu kwenye filamu, ni elimu ya varma. Inakwenda pamoja na tiba ya kuchua na kurudisha viungo, na haikabidhiwi mtu aliyeingia juzi. Anayekuahidi kukufundisha kumlaza mtu kwa kidole ndani ya wiki mbili anataka hela yako.

Karate nayo ina mifuatano kama hiyo, inaitwa kata. Mtindo wa Goju-ryu ulipata mizizi Tanzania kupitia Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefungua dojo Dar es Salaam miaka ya 1970, na kata yake ya msingi ni Sanchin: hatua chache mbele, miguu imeikamata ardhi, pumzi inasikika mpaka kwa aliyekaa pembeni. Mtazamaji huona mtu anayetembea polepole bila sababu. Anayefanya huloa jasho. Ngumi nazo zina kupigana na kivuli, bondia yuko peke yake anasogea na kurusha, na makocha wazuri hawamruhusu mtu kulipita hilo haraka. Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walileta medali za shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Katika ngumi za ridhaa raundi ni tatu, za dakika tatu tatu, na aliyeishiwa miguu raundi ya pili haokolewi na uzito wa mkono wake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza, iwe ni ngumi au karate, ni kuutoa mwezi mzima wa mwanzo kwa miguu. Na hapo mtu wa Kigoma ana bahati ambayo wa Kariakoo hana, kwa sababu ana mchanga wa ziwa.

Nenda ufukweni, pale ambapo wimbi limetoka kuondoka na mchanga umelowa na kushikana. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, mmoja mbele, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo, magoti yamelegea. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio unaotangulia. Ukirudi, wa nyuma. Ukienda kushoto, wa kushoto. Miguu haikutani wala haipandani. Fanya hatua sita mbele, sita nyuma, kisha geuka uangalie nyayo zako. Mchanga haukufichi kitu. Mfereji mrefu nyuma ya alama ya kidole gumba unamaanisha unaburuta mguu badala ya kuunyanyua. Nyayo mbili zilizogusana zinamaanisha kwamba kwa nukta hiyo ungesukumwa kidogo tu ungeanguka. Kisigino kilichochimba kuliko mbele ya wayo kinasema umelalia nyuma, na mtu aliyelalia nyuma hawezi kupiga wala kukwepa. Futa kwa mguu, anza upya. Ukipata mistari miwili iliyonyooka isiyokaribiana, ndipo uongeze mkono, mkono wa mbele tu, ngumi moja kwa kila hatua, nayo ifike pamoja na mguu.

Baada ya hapo hamia kwenye mchanga mkavu. Unazama na kuchosha mashavu ya miguu upesi, kwa hiyo robo saa inatosha mwanzoni. Anayepitiliza siku ya kwanza huamka kesho yake ukano wa kisigino ukimuuma, na wiki imepotea.

Chagua mahali kwa adabu. Kibirizi, Katonga na Ujiji mchanga una wenyewe: akina mama wanaanika dagaa pale, na hakuna mama atakayefurahi kuona wanaume wazima wakirukaruka karibu na mali yake. Salimia, uliza, sogea pembeni ya mwalo. Tangu ziwa lilipopanda miaka ya karibuni fukwe zimekuwa nyembamba, na nafasi iliyobaki ina kazi nyingi. Kabla ya kuvua viatu, pita na macho ardhini: ndoana, vipande vya chupa, misumari ya mbao za mitumbwi. Usiende kunawa kwenye maji yaliyotulia yenye matete, maana huko ndiko konokono wa kichocho wanakopenda, na mamba pia. Siku upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, kati ya Mei na Septemba, mchanga unaingia machoni. Fanya mazoezi ukiupa mgongo, au nenda bara kidogo.

Saa nazo zina mambo yake. Tupo magharibi kabisa ya nchi lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, hivyo jua letu linachomoza kama dakika arobaini baada ya lao. Ratiba ya mazoezi uliyoipata mtandaoni inayosema saa kumi na mbili asubuhi itakukuta gizani, unakanyaga usichokiona. Jioni ndiyo faida yetu: mpaka saa kumi na mbili na nusu bado kuna mwanga wa kutosha, jua likielekea milima ya Kongo.

Kama wengi wenu ni wavuvi wa dagaa, fuateni mwezi badala ya siku za wiki. Siku za giza mnavua usiku kucha kwa taa, na mtu aliyekesha akivuta nyavu hana haja ya mtu kumrushia ngumi saa nne asubuhi, huyo alale. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa haivuti dagaa na vyombo vinapumzika. Hizo ndizo siku zenu za mazoezi mazito. Siku za giza fanyeni kunyoosha viungo tu, hasa kifua na mabega. Mvuvi huwa na mgongo na miguu ya kuonewa wivu, lakini mabega yake yamevutwa mbele na kazi, na bega lililofungana hurusha ngumi fupi. Simama mlangoni, weka mikono kwenye miimo miwili, egemea mbele taratibu mpaka kifua kifunguke, hesabu thelathini. Fanya hivyo kila siku na baada ya wiki chache utaona mkono unafika mbali zaidi.

Sasa mwalimu. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana ndipo watu wanapoumizwa.

Kabla hujalipa chochote, nenda ukaangalie mazoezi mawili, umekaa pembeni. Usimwangalie mwalimu anavyopiga. Waangalie wanafunzi wake wa zamani. Wana meno yao? Wanaongea sawasawa? Mkubwa anapofanya mazoezi na mdogo, anapunguza nguvu au anajionyesha? Mwalimu mzuri hutambulika kwa namna anavyosimamisha pambano. Anaona mtu amelegea mikono, anaingia kati kabla hajapigwa, bila kelele, na hakuna anayebisha. Anayewaacha wamalizane huku watazamaji wakishangilia usimpe mwili wako, hata kama yeye mwenyewe aliwahi kushinda mikanda.

Muulize nani alimfundisha. Mtu aliyefundishwa kweli hutaja jina la mwalimu wake kwa raha na mara nyingi huongeza hadithi. Anayekasirika kwa swali hilo, au anayesema alioteshwa, muage vizuri. Na uliza kuhusu mikanda. Mkanda mweusi wa karate ni kazi ya miaka, sio miezi, na anayekuuzia kila rangi kwa bei yake anafanya biashara ya vitambaa. Watakuja pia wenye dawa: ya kuchanjia ngumi, ya kufunga kiunoni, ya kumlegeza mpinzani. Mkoa wetu una sifa zake katika mambo hayo, na sina ugomvi na imani ya mtu, ila hirizi haifuniki kidevu.

Akikuweka mbele ya ngumi ya mtu wiki ya kwanza, ondoka. Wengine watakuambia ndiyo kukomazwa. Kichwa hakikomai. Ubongo unaopigwa mara nyingi huchoka na kuharibika, na hilo halionekani usoni mpaka miaka imepita.

Mkono nao una sheria zake. Ngumi inatua kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka na mfupa wa mkono wa mbele. Wanaopiga ovyo, hasa kwenye ugomvi wa mtaani, huvunja mfupa ulio chini ya kidole kidogo, kwa sababu ndicho kinachotangulia ngumi inapokuja kwa kuzunguka. Kidole gumba kinakaa nje, juu ya vidole vilivyokunjwa, kamwe hakifichwi ndani. Funga bendeji kabla ya glovu, ukianzia kifundo cha mkono, na iwe imebana bila kuzuia damu. Ukiona ncha za vidole zimepoa au zinawasha, fungua uanze tena. Glovu za mazoezi ya wawili ziwe nzito, aunsi 14 au 16, hata kama mtu mzima anapigana mashindano na za aunsi 10. Kinga ya meno ni yako peke yako. Haiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Begi la kupiga usilisubiri litoke Dar es Salaam. Chukua viroba viwili, kimoja ndani ya kingine, na ujaze nyavu chakavu pamoja na matambara na vumbi la mbao, ukishindilia kila tabaka. Nyavu zikishafuliwa na kukauka zina mnepo mzuri: zinameza pigo, kisha zinarudi. Nimesema zikishafuliwa, usipofua, paka wa mtaa mzima watahamia kwako. Usijaze mchanga, ingawa ndio ulio karibu. Mchanga hushuka, na baada ya wiki mbili chini ya begi pamekuwa kama ukuta na juu ni kiroba kitupu. Ning'iniza kwa kamba ya nailoni ya chombo, kwenye mti mzima, na jaribu uzito wake kwa kuling'ang'ania mwenyewe kabla ya mtoto yeyote kulisogelea.

Anayepigwa kichwani akayumba, akasahau yuko wapi, au akajibu maswali polepole, amemaliza siku hiyo. Hata akisema yuko fiti, hata kama ni dakika mbili tu zimepita. Asiachwe peke yake jioni ile. Akitapika, akizidiwa na usingizi usio wa kawaida, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au mkono au mguu ukilegea, msisubiri asubuhi: apelekwe Hospitali ya Maweni usiku huohuo, na mwambieni daktari wazi kwamba amepigwa ngumi. Watu huficha wakiogopa maswali, daktari anatibu malaria. Akipona, arudi kwa ngazi: kutembea, kukimbia, kupiga begi, na ngumi za wawili mwisho kabisa, kwa ruhusa ya daktari. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuua kijana mwenye afya yake.

Damu ikidondoka, mazoezi yanasimama. Jeraha linafunikwa, aliyedondosha anapumzika, na glovu na sakafu vinafutwa kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu. Homa ya ini aina ya B inapita kwa damu kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye mashilingi kichwani au shingoni asubiri yapone, maana mkeka mmoja utayagawa kwa kikundi kizima.

Kuhusu watoto, mfundishe mwanao mifuatano, kuanguka bila kuumia, na kupumua; ngumi za kichwani ziache mpaka akue. Wazazi wa Ujiji wameniuliza zaidi kuhusu mabinti, na swali lao kubwa ni stara. Suruali pana na shati la mikono mirefu havimzuii mtu kufanya kata yoyote, na tangu 2019 ngumi za ridhaa za kimataifa zinaruhusu hijabu ulingoni. Kinachotakiwa ni ratiba yao wenyewe, mahali panapoonekana na watu, na mama au shangazi mmoja aliyekaa hapo tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu akipinga kuwepo kwa huyo mama, umeshapata jibu lako. Binti afundishwe kwanza kujinasua mkono ulioshikwa na kukimbia. Teke zuri litakuja. Ramadhani inapofika punguzeni: kunyoosha na kata za polepole kabla ya futari, au mazoezi ya kawaida baada ya tarawehe kwa wenye nguvu, na maji mengi kabla ya daku.

Chakula sitakizungumzia sana. Anayekula ugali, dagaa na maharage, na migebuka ikipatikana, hana sababu ya kununua makopo ya unga yenye picha za misuli. Anayejinyima maji ili apungue uzito siku moja kabla ya pambano anacheza na figo zake.

Kuna jambo la sheria ambalo walimu wengi hawaligusi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea na kumtetea mwingine, pamoja na mali, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Hatari ikiisha, haki hiyo nayo imeisha. Ukimkwepa mlevi pale stendi ukamsukuma akaanguka, umejitetea. Ukimfuata chini na kumpiga mara tatu, sasa wewe ndiye mshambuliaji, na kifungu cha 241 cha sheria hiyohiyo kinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano kwa shambulio la kudhuru mwili. Na polisi wakisikia kwamba unajua ngumi, hawatakuhurumia kwa hilo. Waambieni wanafunzi siku ya kwanza, siyo baada ya mmoja wao kulala kituoni.

Mkishafika watu kumi na kuendelea, mnaokutana kila wiki, msibaki kikundi cha kando ya maji. Andikeni katiba fupi, mchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha mwende kwa afisa michezo wa Manispaa ya Kigoma Ujiji awaelekeze usajili. Michezo nchini iko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu isiyosajiliwa haina mlango wa kuingilia mashindano. Ngumi za ridhaa zina shirikisho lake, za kulipwa zina kamisheni yake. Msizichanganye, kwa sababu promota anayekuja na pesa za haraka atataka kumpandisha ulingoni kijana ambaye bado anahesabu nyayo mchangani. Mwambieni arudi mwakani. Huyo afisa michezo ndiye pia atakayewaambia mashindano ya mkoa ni lini, kabla hamjachangishana nauli ya treni kwenda mahali ambapo hakuna anayewasubiri.